Mambrui, Kipini na Shela: kuchagua matuta ya mchanga ukitoka Nairobi na pikipiki

Mchanga utakaokunasa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, huenda ulipita chini ya daraja unalovuka kila asubuhi ukienda kazini. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unaporomoka Fourteen Falls, ukikata Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia Malindi wenyeji wanauita Sabaki. Mto ni ule ule. Kila masika unabeba udongo na mchanga wa bara na kuumwaga baharini, mawimbi yanaurudisha ufuoni, jua linaukausha, kisha upepo wa Kusi unaanza kuurundika.

Ndiyo maana matuta makubwa yako kaskazini mwa Malindi tu. Diani, Kilifi na Watamu zina mwamba wa matumbawe mbele yake, na mchanga wake mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Ni ufuo mwembamba, nyuma yake mivinje na kuta za watu. Hapo hakuna matuta ya kupanda, na Watamu kasa wanataga ufuoni, kwa hivyo pikipiki haina kazi pale. Kaskazini, matope ya Sabaki na Tana yamewanyima matumbawe nafasi ya kukua, pwani iko wazi, na mchanga wa mito unapata mahali pa kukusanyika kuanzia Mambrui, kupita Ngomeni, hadi Kipini kando ya Ghuba ya Ungwana.

Kabla ya kulinganisha sehemu hizo, kuna kosa linalofanyika Nairobi kabla hata pikipiki haijatoka langoni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Pikipiki ya kabureta iliyotoka kiwandani na jeti (kile kitundu kinachopima petroli inayoingia injini) ya usawa wa bahari hunywa mafuta kupita kiasi hapa: plagi inakuwa nyeusi, moshi unanuka petroli. Fundi mzuri huibadilisha jeti kuu, tuseme kutoka namba 120 hadi 115, na pikipiki inatulia. Sasa ishushe Malindi. Hewa ni nzito, jeti ni ndogo, mafuta hayatoshi hewa inayoingia. Kwenye lami hutaona shida kubwa, labda ekzosi kupiga vishindo unapoachia mafuta. Kwenye mchanga, ambako injini inavuta kwa nguvu zote mwendo ukiwa kilomita 20 kwa saa na hakuna upepo wa kuipoza, itachemka. Fungua plagi baada ya nusu saa ya kwanza: ikiwa kahawia kama chai ya maziwa, endelea, ikiwa nyeupe kama chokaa, simama hapo hapo. Jeti ya zamani haizidi ukucha wa kidole kidogo. Ifunge kwenye karatasi uiweke na spana zako. Pikipiki za injeksheni hujirekebisha zenyewe, na zina faida ya ziada: ile nguvu kama asilimia 15 hivi wanayoibiwa Nairobi na mwinuko wanarudishiwa wakifika pwani.

Tairi nalo lina hesabu yake. Ukijaza psi 30 Nairobi, geji itasoma pungufu ya kama psi 2.5 ukifika usawa wa bahari, kwa sababu hewa ya nje kule inasukuma zaidi. Lakini joto la Malindi linairudisha sehemu yake. Kwa hivyo usijaribu kupunguza upepo wa mchangani ukiwa nyumbani kwa kukisia. Beba geji inayosoma vizuri chini ya psi 20 na upime papo hapo ufuoni, tairi likiwa limepoa. Tairi zenye meno makubwa zisafirishe kwenye pikapu au ubebe uzivalishe huko. Karibu kilomita 600 za lami yenye joto zinayala meno kabla hujagusa mchanga. Na usidanganywe na ramani inayokupitisha Voi hadi lango la Sala: Tsavo Mashariki pikipiki haziruhusiwi. Anayetaka kukwepa msongamano wa Mombasa akate kona Mariakani, apite Kaloleni, atokee Mavueni karibu na Kilifi.

Sasa Mambrui. Ni kama kilomita 15 kaskazini mwa Malindi, baada ya daraja la Sabaki. Kwa mtu wa Nairobi mwenye siku tatu nne, hapa ndipo pa kwenda, na sababu si uzuri wa mandhari. Petroli iko karibu, hospitali iko Malindi, mtandao wa simu upo, na matuta yana ukubwa wa kila aina: ya kimo cha mtu kwa anayejifunza, na marefu ya kutosha kumwaibisha mjuzi. Waendesha bodaboda wa pale wanapita mchangani kila siku wakiwa na abiria na gunia la nazi juu ya pikipiki za cc 150. Watazame. Hawashindani na mchanga. Wanauacha usukani uyumbe kidogo, wanakaa nyuma, na hawaachii mafuta ghafla.

Ukanda wa mdomo wa mto ndio wenye mtego. Unaona uwanja tambarare, rangi ya kahawia, umepasukapasuka juu kama ugali uliokauka sufuriani. Unavutia kweli kuongeza mwendo. Gamba hilo lina unene wa vidole viwili tu, na chini yake kuna tope laini la mto ambalo halijakauka tangu mafuriko. Gurudumu la mbele likilitoboa, pikipiki inasimama na wewe unaendelea. Tofauti ni rangi: mchanga wa kuaminika ni wa kijivu au wa dhahabu, una vimistari vya upepo juu yake. Penye nyufa na pasipo na vimistari, shuka utembee kwanza, ukanyage kwa kisigino. Mdomo wa Sabaki pia una viboko na mamba, na ni makao ya ndege wengi wa majini, kwa hivyo baki upande wa matuta, mbali na mto.

Maji ya bahari ndiyo saa yako. Kwenye pwani hii bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa kama saa kumi alasiri. Tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na nyakati zinageuka. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Mchanga ambao maji yameuacha saa moja iliyopita ni mgumu kama barabara ya murram. Mpana, mzuri, na ndio unaotumika kusafiri kati ya tuta na tuta. Lakini maji yanayojaa saa kumi hayakusubiri. Ukifika, mtafute mvuvi anayeshona wavu, "Shikamoo mzee, leo maji yanakupwa saa ngapi?" Atakujibu bila kutazama simu, na akishaitikia marahaba atakuambia pia palipobomoka jana. Muulize hapo hapo kama kuna mahali BMU yao, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, hawataki pikipiki.

Juu ya tuta, upepo ndio unaoamua. Upande unaoelekea upepo una mteremko mpole na mchanga ulioshikana. Upande wa pili ni ukuta laini wa nyuzi kama 33, mwinuko wa mwisho ambao mchanga mkavu unaweza kusimama bila kuporomoka. Panda kwenye mgongo mpole, usipande ukuta. Miezi ya Kusi, hasa Juni hadi Agosti, ukuta unatazama kaskazini. Kaskazi ikishika Desemba hadi Machi, ncha ya tuta inageuzwa, na unakuta mdomo mdogo wa kima cha goti umeangalia upande ule ambao Agosti ulikuwa njia ya kupandia. Hapo ndipo watu wanaorudi kwa kiburi cha safari iliyopita huruka wasikotarajia. Kwa hiyo tuta la kwanza la kila safari lipandwe kwa miguu.

Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi. Umande umeshikamanisha mchanga wa juu, na jua likiwa chini kila bonde lina kivuli chake. Saa sita mchana vivuli vimeisha. Tuta na shimo vyote vina rangi moja, na jicho halioni ukingo mpaka gurudumu la mbele limeupita. Kama ni lazima kuendesha mchana, tembeleeni matuta mliyoyapita asubuhi tu, kwa kufuata alama zenu wenyewe.

Upepo wa tairi: pikipiki nyepesi ya cc 250 yenye tyubu, psi 14 mbele na 13 nyuma. Chini ya psi 12 tairi linaweza kuzunguka ndani ya rimu na kukata nozeli ya tyubu, isipokuwa rimu ina ile bana ya ndani inayolishika tairi. Utalijua hilo mapema ukiiacha nati ya nozeli ikiwa imelegezwa: nozeli ikianza kuinama, tairi limeshaanza kutembea. Pikipiki nzito za kilo 200 na zaidi zisishuke chini ya 18. Pikapu inayobeba mizigo, 16, na 12 ikiwa imenasa. Ukirudi lami, jaza kwanza. Tairi lililolegea kwa mwendo wa kilomita 80 linapata joto hadi kupasuka. Pampu ya mguu inatosha, ila ukubali jasho.

Gia nazo zinahitaji mawazo. Sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo, ya meno 14 ukiishusha hadi 13 unapata mvuto zaidi kwa karibu asilimia 8, na unaifanya gia ya pili itumike pale ambapo mwanzo ya kwanza ilikuwa inazunguka bure. Ni kazi ya dakika ishirini. Wengine huongeza meno ya nyuma pia. Kwa Mambrui haina haja, na njiani kurudi injini italia hadi Mtito Andei.

Kupanda lenyewe: pata mwendo chini, kwenye mchanga mgumu, gia ya tatu. Simama kwenye vikanyagio, magoti yabane tangi, mikono ilegee. Macho juu ya ncha, si mbele ya gurudumu. Ukiwa na urefu wa pikipiki mbili kabla ya ncha, punguza mafuta na ugeuze kidogo ili ufike juu ukiwa umelalia ukingo, usimame sambamba nao, uone ng'ambo. Nguvu ikikuishia katikati, usishuke gia mara tatu ukitumaini muujiza. Geuza pikipiki kwenye duara pana ukiwa bado una mwendo, urudi chini. Anayesubiri isimame kabisa ndiye anayeanguka ubavuni. Kushuka ukuta, nyoosha moja kwa moja, gia ya pili, mkono mbali na breki ya mbele; mchanga unaporomoka pamoja nawe na unakufikisha salama. Ukikata ubavu, gurudumu la nyuma litakutangulia.

Kunasa kutatokea. Gurudumu la nyuma likianza kuchimba bila pikipiki kusogea, achia mafuta hapo hapo. Kila mzunguko wa ziada unashusha sentimita kadhaa, na mnyororo ukishagusa mchanga unavuta punje hadi kwenye sproketi. Zima. Funga bomba la petroli kama ni ya kabureta. Ilaze pikipiki upande usio na ekzosi, maana ekzosi ya moto kwenye mguu imeharibu safari nyingi kuliko mamba. Ikishalala, gurudumu limetoka shimoni lenyewe. Jaza shimo kwa mguu, kanyaga, kisha shika usukani uizungushe mbele itazame mteremko, uinyanyue. Watu wawili, dakika tatu, hakuna kuchimba. Wanaoipakata na kuivuta ikiwa wima wanaishia na mgongo mbovu na klachi inayonuka. Stendi nayo ina dawa ndogo: kipande cha mbao cha sentimita 10 kwa 10 kilichofungwa kamba kwenye usukani. Bila hicho unapiga picha pikipiki ikizama taratibu.

Usikanyage mlakasa, ule mtambaa wenye maua ya zambarau unaofunika kingo za matuta. Ndio unaoshikilia mchanga usihamie mashambani, na kamba zake zikijisokota kwenye ekseli ya nyuma utazikata kwa kisu nusu saa.

Ngomeni na Gongoni hazitachukua siku nzima. Kuna matuta, kuna kituo cha anga za juu cha Waitaliano upande wa Ngomeni, na kuna mashamba ya chumvi. Mashamba hayo yana kingo nyembamba za udongo zinazoteleza na maji yake yana chumvi kuliko bahari. Tope lake likikauka kwenye spoki na nati, kutu inaanza kabla hujafika nyumbani. Ni njia ya kupita tu.

Kipini ni jambo jingine. Kutoka Malindi unapanda zaidi ya kilomita 100 hadi Garsen, unashika njia ya Witu kutoka Minjila, kisha unaingia barabara ya vumbi kushuka hadi mdomo wa Tana. Matuta yake yamejitenga, hakuna alama za magurudumu za kukuongoza, na upande wa bara yameshikwa na vichaka. Mchanga wenyewe si mgumu kuliko wa Mambrui kwa aliyeuzoea. Ugumu ni umbali. Ukivunja mguu hapa, msaada uko saa nyingi mbali. Njia ya kwenda Lamu imewahi kuwa na amri za kutotembea usiku na misafara ya polisi, kwa hivyo habari za usalama ziulizwe kituoni Garsen asubuhi ile ile, siyo kwa rafiki aliyepita mwaka jana. Kiasi cha chini kwa Kipini ni pikipiki tatu, ili mmoja akiumia mmoja abaki na mmoja aende. Lita 5 za maji kila mtu. Na petroli mara mbili ya hesabu ya lami, kwa sababu pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa lita barabarani hushuka hadi nusu yake mchangani. Delta ya Tana imo kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, tangu 2012, na wafugaji na wavuvi wake wana njia zao. Fuata hizo.

Halafu kuna Shela, kisiwani Lamu, matuta ambayo kila mtu amepigwa picha juu yake. Usiyaguse. Mvua inayonyesha pale inachujwa na mchanga na kukaa chini kama ziwa la maji matamu, juu ya maji ya chumvi, na ndiyo maji ya visima vya Lamu. Petroli na oili vikivuja juu, vinakwenda huko huko. Acha pikipiki Mokowe, panda boti, uyapande kwa miguu.

Waliozoea kutazama video za nje hulinganisha vitu visivyofanana. Oregon Dunes, Marekani, ni ukanda wa kama kilomita 64, na mvua inanyesha miezi mingi, hivyo mchanga ni mbichi na unabeba hata pikipiki nzito. Oceano Dunes ya California inaruhusu magari ufuoni, ila mwendo wa ufuoni ni maili 15 kwa saa na kila chombo lazima kiwe na bendera iliyosimama futi 8 kutoka ardhini. Jambo hilo la bendera ndilo la kuiga: fimbo ya fiberi na kitambaa cha rangi ya machungwa ni bei ya sahani ya nyama choma, na inamwonyesha mwenzako aliye upande wa pili wa ncha kwamba unakuja. Kati ya Swakopmund na Walvis Bay, Namibia, ukungu wa bahari unalowesha mchanga asubuhi kama umande wetu, na maeneo mengine yamefungwa kwa ajili ya ndege wanaotaga chini. Afrika Kusini ilipiga marufuku kuendesha ufuoni kwa starehe tangu Januari 2002. Walikuwa na uhuru kama wetu.

Kichungi cha hewa kioshwe kila jioni. Cha sponji: mafuta ya taa, kisha sabuni na maji, kikauke kivulini, kipakwe oili na kukamuliwa mpaka kisidondoke. Beba viwili, kimoja kikiwa kinakauka. Cha karatasi kivalishe soksi nyepesi ya nailoni juu. Mchanga unabaki kwenye soksi, unaikung'uta, unairudisha. Cheni usiipake grisi asubuhi ya mchangani, kwani grisi na mchanga ni msasa. Ipake jioni baada ya kuosha. Ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi, lita 10, inatosha pikipiki moja: anza na spoki, rejeta, chini ya tangi, kalipa za breki, malizia cheni. Usielekeze maji ya presha kwenye beringi, yanasukuma mchanga ndani.

Ukisimama Voi kunywa chai, inua gurudumu la mbele na ulizungushe kwa mkono. Likilia kama linasaga mahindi, beringi imeingia mchanga, na mafundi wa Voi watakubadilishia kabla haijakufia kwenye mteremko wa Emali. Nairobi, jeti ndogo irudi mahali pake.